Mshahara wako ni siri ya nani?

Haya niliyaongea Mafinga, mkoani Iringa, wiki ya Siku ya Wanawake, kwenye ukumbi uliojaa kinamama wa vikoba, wanachuo na wafanyakazi wa viwanda vya mbao. Watu wakaniomba niyaandike, basi nimeandika kama nilivyoongea, nilichokata ni salamu za itifaki tu maana zile zilikaribia kuwa ndefu kuliko hotuba yenyewe.

Kamwene! Kamwene tena, huko nyuma naona bado baridi haijawatoka.

Mama zangu, dada zangu, wadogo zangu wa chuo, na nyie kaka zangu mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka, asanteni kwa kuja. Mi ni mhasibu, kazi niliyoifanya zaidi ni peiroli, yaani kuandaa mishahara ya wafanyakazi, nimeshika peiroli za mashamba, za viwanda vya mbao, za shule binafsi mpaka za hoteli, toka Mbeya mpaka huku. Na mtu wa peiroli ndo mtu pekee ofisini anayejua kila mmoja anapata nini, na ndo huyo huyo aliyesainishwa karatasi kwamba asimwambie mtu. Kwa hiyo majina sitataja na kampuni sitaitaja hata mkinichinjia kuku, ila mambo yenyewe nitayasema, kwa sababu niliyaona sehemu moja, nikahama nikayakuta sehemu ya pili, nikahama tena nikayakuta yananisubiri.

Ninalotaka kusema leo ni moja. Pengo la mshahara kati ya mwanamke na mwanaume kwenye nchi yetu linaishi kwa sababu hatuambiani tunalipwa ngapi. Sababu zingine zipo, tena nyingi, nitazigusa, lakini karibu zote zinajificha nyuma ya hii.

Chukua vijana wawili walioajiriwa wiki moja, chuo kimoja, diploma ile ile, meza zinatazamana. Kwenye intavyuu kila mmoja aliulizwa unategemea tukulipe shilingi ngapi. Binti akasema laki tatu na nusu, akaona hata hiyo ameomba sana, kijana akasema laki sita. Bosi akampa binti laki tatu na nusu yake yote, akamshusha kijana mpaka laki tano, na kila mmoja akatoka pale akishukuru. Mi nikaletewa karatasi nikaingiza namba kwenye Excel. Hakuna aliyemtukana binti, hakuna aliyesema huyu ni mwanamke tumpunguzie, na ukimuuliza bosi mpaka leo atakuapia kwamba kwake hakuna ubaguzi, kila mtu alipata alichoomba au karibu na hapo!

Sasa fuateni hiyo laki moja na nusu inakokwenda. Kwa mwaka ni milioni moja na laki nane. Mwaka unaofuata wote wanaongezewa asilimia 5, mnapiga makofi kwamba wameongezewa sawa, kumbe pengo limetoka 150,000 limekwenda 157,500, na kila mwaka litazidi hivyo hivyo. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, nusu ya mwajiri nusu yako, kwa hiyo mmoja anaingiziwa 70,000 kwa mwezi mwingine laki moja kamili, maana yake pengo la leo litakutana nae tena uzeeni. Akienda SACCOS kukopa wanaangalia mshahara unaobaki mkononi, mmoja anapata mkopo wa kiwanja mwingine wa friji. Alafu binti akiomba kazi kwingine anaulizwa, kule ulikuwa unalipwa ngapi? Anasema ukweli wake, laki tatu na themanini, wanamwambia sisi tutakupa mia nne, na anafurahi. Hilo swali nalichukia kuliko yote, linabeba makosa ya mwajiri wa kwanza linampelekea mwajiri wa pili. Jimbo la Massachusetts kule Marekani lilipitisha sheria ya kulikataza mwaka 2016, na Umoja wa Ulaya nao kwenye maelekezo yao ya 2023 wamelikataza, wakaagiza mwombaji aambiwe mapema nafasi inalipa kati ya ngapi na ngapi, na nchi zao zilipewa mpaka Juni 2026 ziwe zimeingiza kwenye sheria zao.

Kuna mama mmoja Mmarekani, Lilly Ledbetter, huyu ni mtu wa historia kwa hiyo jina namtaja bila woga. Alianza kazi mwaka 1979 kwenye kiwanda cha matairi Alabama, alikuwa sapavaiza, na kazini kwao ilikuwa marufuku kuongelea mshahara. Karibu miaka ishirini ikapita. Siku moja mwaka 1998 akakuta kikaratasi ameachiwa, mpaka leo hajulikani aliyekiandika, kina mshahara wake na wa wanaume waliokuwa kwenye cheo kama chake. Yeye alikuwa anapata dola 3,727 kwa mwezi, na mwanaume wa chini kabisa kati yao alikuwa na dola 4,286, wa juu 5,236. Akashtaki, akashinda kwa baraza la mahakama, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 2007 wakamwambia kwa kura tano dhidi ya nne kwamba umechelewa mama, ulitakiwa ulalamike ndani ya siku 180 toka walipoamua kukulipa kidogo. Yaani alitakiwa alalamikie kitu alichofichwa! Bunge lao likabadili sheria, na ndo ilikuwa sheria ya kwanza Obama kuisaini alipoingia madarakani, Januari 2009, ina jina la huyo mama. Lakini pesa yake mwenyewe hakuipata.

Nimeisimulia kwa sababu na kwetu siku zinahesabiwa. Ukiwa na mgogoro wa kazi unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, unajaza fomu namba moja, kama umeachishwa kazi una siku 30, kwa migogoro mingine una siku 60 toka mgogoro ulipotokea. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda lakini utatakiwa uwe na sababu ya maana. Siku 60 ni nyingi kwa mtu anayejua, kwa mtu asiyejua mwenzake analipwa ngapi hazijaanza hata kuwa na kazi.

Na sheria tunayo jamani, msidanganywe kwamba haya ni mambo ya wazungu. Tanzania iliridhia mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, mwaka 2002. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na mengine mengi. Kifungu hicho hicho kina mambo mawili mazuri sana ambayo watu hawayajui. La kwanza, mwajiri anatakiwa awe na mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi, na ausajili kwa Kamishna wa Kazi, hebu Jumatatu mkaulize ofisini mwenu uko wapi muone sura za watu. La pili, ukishaonesha dalili za kutosha kwamba umebaguliwa, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri, yeye ndo aeleze kwanini. Ila hizo dalili utaonesha nini kama hujui wa meza ya pili anapata ngapi? Tunarudi pale pale.

Mtu ataniambia mbona serikalini hamna shida. Ni kweli, kwa cheo kimoja hamna, mwalimu wa daraja fulani la TGTS, ile ngazi ya mishahara ya walimu, akiwa wa kike akiwa wa kiume mshahara ni ule ule. Na angalieni kwanini: ngazi za mishahara zinajulikana, mwalimu wa Makete anaweza kukutajia mshahara wa mwalimu wa Tarime bila kumjua. Kinachobaki pale ni nani anakuwa mkuu wa shule, nani anaitwa kwenye semina yenye posho, ambayo ni vita nyingine.

Huku kwetu kwenye mashamba na mbao mambo yanakaa tofauti kidogo, na hapa nataka tukae. Chai ya kuchuma kwa mkono inalipwa kwa kilo, bei ya kilo ni moja kwa wote, kwa hiyo bosi anakwambia kwetu kilo ni kilo, haina jinsia. Haya, sheria inampa mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kwa mwenye mshahara wa mwezi hizo saa mbili zinalipwa. Kwa mchuma chai, hizo saa mbili kikapu hakijazi, mzani hauna huruma, haki yake anaitumia kwa kukatwa kilo. Alafu zikaja mashine za kuchumia. Sehemu niliyokuwepo walioitwa kufundishwa mashine walikuwa vijana wa kiume, wote, na mashine inakusanya kwa siku moja kilo ambazo mikono haiwezi hata ikifanyaje. Kinamama wakabaki na vikapu na kwenye kingo ambazo mashine haifiki. Ukiniuliza kwenye peiroli kulikuwa na ubaguzi, nitakwambia bei ya kilo ilikuwa ile ile!

Kwenye mbao nako hivyo hivyo. Anayeendesha msumeno ni mwanaume na analipwa kama fundi, anayebeba na kupanga mbao ni mwanamke na analipwa kama kibarua wa siku. Kitaluni kina mama wanajaza viriba toka asubuhi wanalipwa kwa kiriba, dereva anayebeba hivyo viriba ana mshahara wa mwezi na posho ya safari. Njombe kwenye parachichi nenda ukaangalie nani anachambua matunda na nani anaendesha folklifti. Sisemi kuendesha msumeno ni rahisi, msumeno unakata watu vidole, nimelipa fidia zake. Ninachouliza ni nani aliamua kwamba kukaa umeinama saa nane ukijaza udongo ni kazi isiyo na ujuzi, na kama aliwahi kujaza viriba hata kumi.

Nigusie hesabu za wastani kidogo, maana zinatumika kutulaza. Ofisi ina bosi wa milioni tano na watu tisa wa laki na nusu, wastani wao ni 635,000, na hakuna hata mmoja kati ya wale tisa aliyewahi kuiona hiyo pesa. Oktoba 2025 serikali ilitangaza kima cha chini kipya cha sekta binafsi kuanzia Januari 2026, kikapanda kwa wastani toka 275,060 mpaka 358,322. Vizuri, nashukuru. Lakini huo ni wastani wa sekta zote, nendeni mkaangalie mstari wa sekta yenu kwenye amri yenyewe, msiende kwa bosi na namba ya redioni.

Sasa watoto. Profesa Claudia Goldin wa Harvard alipewa Nobeli ya uchumi mwaka 2023 kwa kufuatilia mapato ya wanawake wa Marekani kwa miaka zaidi ya 200, na moja ya alichokionesha ni kwamba siku hizi sehemu kubwa ya pengo inafunguka akizaliwa mtoto wa kwanza. Kabla ya hapo mwanamke na mwanaume wa elimu moja wanakwenda karibu sawa. Kwetu likizo ya uzazi ni siku 84 kwa mama, 100 akizaa mapacha, na baba anapata siku 3. Siku tatu kaka zangu! Moja ya kwenda hospitali, moja ya kutafuta kuku, ya tatu ya kupokea wageni. Mi nadhani hapo sheria yenyewe inamwambia mwajiri kwamba mtoto ni gharama ya kuajiri mwanamke, na mwajiri amesikia vizuri, ndo maana mabinti bado wanaulizwa kwenye intavyuu kama wana mchumba. Ningependa baba apewe wiki nne, na alazimike kuzichukua, alafu tuone kama hilo swali litaendelea kuulizwa upande mmoja.

Kuna wanaosema mwanaume alipwe zaidi kwa sababu ana familia. Huku? Mkoa huu na Njombe, ambako ukimwi ulipita tukazika mpaka tukachoka, nyumba ngapi zimelelewa na bibi mmoja na jembe lake? Hoja ya familia ningeielewa kama wangekuwa wanahesabu watoto kabla ya kulipa. Hawahesabu.

Na sasa niwachokoze nyie kinamama wenzangu, mkinizomea sawa.

Mikoa yetu hii ndo inapeleka madada wa kazi Dar es Salaam, kila mtu analijua, basi za asubuhi hazijawahi kukosa binti mwenye begi dogo. Na waliobaki wako majumbani mwetu humu humu Mafinga, Iringa, Mbeya. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha dada anayekaa kwa mwajiri shilingi 60,000 kwa mwezi. Kibarua wa shamba aliwekewa 140,000. Serikalini kuanzia Julai 2025 kima cha chini ni 500,000, Rais aliitangaza Mei Mosi pale Singida. Kwa hiyo miezi ya mwisho ya 2025 mtumishi wa chini kabisa wa serikali alikuwa anapata zaidi ya mara nane ya dada wa kazi, na yote hayo ni halali, yameandikwa. Sekta iliyojaa wanawake kuliko zote ndo ilikuwa chini kabisa ya orodha. Na hata hiyo 60,000 nani humu ndani alikuwa anailipa? Nyosheni mikono. Ahaa. Mnacheka. Wengine tunasema nakutunzia, ukiondoka nitakupa yote, siku ya kuondoka tunahesabu vikombe alivyovunja. Wengine tunatuma kwa baba yake kijijini, binti mwenyewe hajawahi kushika.

Mi bila dada wa nyumbani nisingefanya kazi ya ofisi hata mwezi, na nyie wengi hivyo hivyo. Mwanamke anayedai malipo sawa ofisini alafu jioni anamlipa mwenzake arobaini, huyo nae ni bosi yule yule niliyemsimulia mwanzo. Sheria inataka mfanyakazi apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi, kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani, na dada wa kazi ni mfanyakazi. Karatasi moja ya daftari inatosha, andikeni, sainini wote wawili, apewe nakala. Madada wana chama chao CHODAWU, wa mashambani wana TPAWU, na ukiona bosi anakuwa mkali ukitaja chama ujue chama kinafanya kazi.

Mnisaidie muda, naona mshereheshaji ananinyoshea saa. Nimalizie na Aisilandi. Tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake karibu asilimia 90 wa nchi ile waligoma, hawakwenda ofisini, hawakupika, hawakulea, wababa wakaenda na watoto kazini. Na hata baada ya hapo ilichukua zaidi ya miaka arobaini, mwaka 2018 ndo wakaanza kutumia sheria kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi 25 na kuendelea lazima athibitishe kwa cheti kwamba analipa sawa. Yaani sio mfanyakazi aende kulalamika, mwajiri ndo aende kuonesha vitabu. Uingereza toka 2017 kampuni za watu 250 na zaidi zinatangaza pengo lao hadharani kila mwaka. Mi ningeanza hivyo hapa kwetu na kampuni kubwa tu, watangaze, hatudai faini hata shilingi, watangaze.

Maswali yalikuja mengi, nitaweka mawili. Kaka mmoja wa kiwanda cha mbao akasema, sisi wanaume tukitaja mishahara yetu tunapata faida gani, si tunatafutiwa sababu ya kupunguziwa? Nikamwambia kaka, pale kwenu zamani kupanga mbao kulifanywa na nani? Akasema wanaume. Na saivi? Kinamama. Kwanini? Akanyamaza kidogo akasema kwa sababu wanakubali ndogo. Basi, wewe umepoteza kazi ya kupanga mbao kwa sababu kuna mtu aliruhusiwa kulipwa chini yako, na huyo mtu wangemlipa sawa na wewe bosi asingekuwa na sababu ya kukutoa. Akakaa chini, sijui kama aliridhika, ila wenzake walianza kubishana wenyewe kwa wenyewe, nikaona inatosha.

Binti wa chuo akauliza, nikiulizwa kule ulikuwa unalipwa ngapi nijibu nini, maana nikikataa nitaonekana jeuri. Nikamwambia jibu kuhusu nafasi, usijibu kuhusu zamani zako, sema kwa nilivyoona nafasi kama hii inalipwa kati ya kiasi hiki na hiki, na mimi nategemea kuanzia hapa. Akauliza, sasa hizo namba nitazitoa wapi? Nikamuuliza darasa lenu lina grupu la WhatsApp? Lina. Waliomaliza juzi wamo? Wamo, zaidi ya mia. Nikamwambia fungueni fomu moja ya Google, bila majina, watu wajaze cheo, mkoa, mwanamke au mwanaume, mshahara kabla ya makato. Alikuwa ameshaanza kuitengeneza kabla sijarudi kukaa, na mimi nikajaza ya kwangu.